Bado Kilo

Mama kaviona juu ya kinu, kauliza:
"Dawa ya nani hii? Mbona vidonge vikubwa,
anavimeza ng'ombe?"
Kahawa hiyo, mama.
Kacheka mpaka mtandio ukamwanguka.
Kahawa gani inakaa ndani ya bati
kama konokono?

Kazi yangu iko Shangani, nyumba ya wageni,
vyumba sita, ngazi arubaini na moja,
na kila chumba kimashine cheusi kinachokoroma
kikatema kahawa ya mtu mmoja,
kikombe kimoja, mlango umefungwa.
Kinachobaki ni kidude hiki,
ukubwa wa kungumanga na ganda lake,
kingine cha dhahabu, kingine buluu, kingine damu ya mzee.
Meneja anasema tia jaani.
Mimi natia mkobani, chini ya kanga.

Nyumbani Kwahani, baada ya isha,
natandika gazeti, nakaa kitako,
nachana kile kifuniko kwa ukucha wa gumba,
nagonga, puu, machicha yanaanguka.
Machicha, ndiyo, kama ya nazi;
tui wamekunywa wengine.
Nayatia kwenye kopo la rangi lenye asumini,
asumini ya dirishani, iliyokuwa haitoi hata kikonyo,
na mwaka huu imetoa hadi Mkasi wa jirani
anakuja kuomba za kutungia kikuba.
Bati nalisuza, nalianika unguni.

Mzee Faki, mnunua vyuma chakavu,
mizani yake ya kulabu inaning'inia kwenye baiskeli,
kakipima kimoja kiganjani, kakipuliza.
"Havina uzito hivi, mwanangu.
Elfu moja ndiyo kilo. Ukifika niite."
Elfu moja!
Nikaanza kuhesabu kama mwenye tasbihi.

Na mwenye kuhesabu huona.
Chumba cha pili, viwili, asubuhi, vyote vya buluu: mume na mke.
Cha tano, hakuna. Mtu wa chai.
Chumba cha nne, mwanamke peke yake,
siku ya kwanza vinne, ya pili saba,
ya tatu kumi na kimoja,
na shuka bado ina mkunjo nilioukunja mimi jana.
Sikuuliza. Mgeni haulizwi,
na lugha yenyewe hatuna.
Ningekuwa nayo ningemwambia:
bibi, kahawa hainywewi hivyo,
teremka hapo chini kibarazani,
kikombe cha mwanzo ni chako,
cha pili ni cha maneno.
Nikamwachia asumini tatu kwenye kisosi.
Siku ya nne, ndani ya kidebe chake cha taka,
vidude viwili.
Asumini hazikuwamo.

Nilianza Mfungo Mosi, Rajabu ikanikuta.
Nikamwita Mzee Faki.
Gunia likapanda kwenye kulabu,
mshale ukatetema, ukasita
kabla ya alama, upana wa uzi.
(Na mizani ya Faki nayo ina mkono wake,
hilo mtaa mzima unalijua.)
"Bado," kasema. "Vichache tu. Huna vingine?"

Ninavyo. Sita.
Viko chini ya lori la Vuai,
lori la boksi la sabuni,
chachacha, chachacha, sakafuni,
limepakia mchanga, mwenyewe anasema,
kupeleka Mkokotoni.
Mama kanitazama.
Mimi nikatazama magurudumu:
mawili dhahabu, mawili buluu,
na mawili ya nyuma, damu ya mzee,
yale ya chumba cha nne.

"Lipa hivyo vilivyopo," nikamwambia.

Kahesabu noti, kalamba kidole, kahesabu tena.
Vuai kapiga honi kwa mdomo.
Mzee Faki kainua mguu,
lori likapita.